Mradi wa Mikrokontrola Unapogoma: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Anayejenga mradi wa mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu ikiwa juu ya bodi ndogo, mjini Tanga, uwe wa kupima maji kwenye tenki la Chumbageni, wa kufuatilia joto la friji ya samaki karibu na Deep Sea au wa kumwagilia mchicha kule Pongwe, hukutana na hitilafu zilezile anazokutana nazo mwenzake wa Dodoma au Mwanza, ila huku pwani inaongezeka moja ambayo vitabu vingi vya wanaoanza haviigusi, nayo ni hewa ya bahari. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Kwa kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ile ya nadra imewekwa mwisho, na ukaguzi usiohitaji kufungua wala kununua kitu umewekwa mbele ya matengenezo makubwa.

Wengi huanza kwa kuandika programu upya. Huo ni mwanzo mbaya, kwa sababu programu iliyofanya kazi jana haijabadilika usiku, ilhali voltiji ya chaja, mshiko wa waya na hali ya pini hubadilika kila siku. Kabla ya kugusa programu au kununua bodi nyingine, pima. Multimita ya bei ya chini inatosha kwa karibu kila kilichoelezwa hapa, mradi ujue kupima volti za umeme wa DC na kutumia kipimo cha mlio kinachoonyesha kama waya umeungana. Kipimo cha mlio hutumika umeme ukiwa umezimwa tu. Vilevile, usipime voltiji huku waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye tundu la ampia, kwani hapo mita yenyewe inageuka kuwa shoti.

Bodi haiwaki kabisa

Ikiwa taa ndogo ya umeme kwenye bodi haiwaki, sababu ya kwanza kushukiwa ni kebo au chaja, ya pili ni shoti kwenye ubao wa majaribio (breadboard, ule wa kuchomekea nyaya bila kulehemu), na bodi iliyoungua ni ya mwisho. Chomoa nyaya zote, ibaki bodi tupu, kisha iunganishe kwa kebo ambayo una hakika nayo. Ikiwaka, bodi haina kosa. Rudisha waya mmoja mmoja hadi utakapofikia ule unaoizima. Arduino Uno R3, bodi ya wanaoanza ambayo hapa inaitwa Uno, ina fyuzi ya kujirudisha yenyewe ya miliampia 500 kwenye njia ya USB, hivyo bodi iliyopigwa shoti inaweza kuonekana imekufa na ikarudi baada ya kupoa dakika chache. Usiitupe kwa haraka.

Ikiwa bodi inawaka lakini vifaa vilivyo upande mmoja wa ubao wa majaribio havipati umeme, angalia mistari mirefu ya umeme ya ubao huo. Katika mbao nyingi ndefu, mstari mwekundu na wa buluu umekatika katikati bila alama iliyo wazi, na nusu ya pili haina kitu mpaka uiunganishe kwa waya mfupi.

Bodi ikiwa bado kimya, zima umeme na upime kwa mlio kati ya pini ya 5V na GND (upande hasi wa umeme). Mlio mfululizo maana yake kuna shoti ndani ya bodi. Kama hakuna mlio, washa na upime voltiji: kwenye pini ya 5V utarajie kitu kati ya volti 4.75 na 5.25. Voltiji ikiwa sahihi lakini kidude kikuu, yaani mikrokontrola yenyewe, kinapata joto mara moja hata bila waya wowote, kimeungua. Ukinusa harufu ya kuungua, au sehemu yoyote ikawa na joto ambalo kidole hakivumilii, chomoa umeme papo hapo, na usijaribu tena kupitia kompyuta ndogo, maana unaweza kuongeza hasara ya tundu la USB juu ya hasara ya bodi.

Kompyuta haioni bodi, au programu haipakiki

Kebo ndiyo mkosaji mkuu. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na chaja za simu zina nyaya mbili za umeme tu na hazina nyaya za data. Bodi itawaka vizuri, na kompyuta haitajua kuwa kuna kitu kimechomekwa. Jaribu kebo inayoweza kuhamisha picha kutoka kwenye simu.

Kebo ikiwa nzima, fikiria draiva. Bodi nyingi za bei nafuu zinazofuata muundo wa Arduino hutumia kidude cha CH340 kwa mawasiliano ya USB, na baadhi ya kompyuta haziitambui hadi draiva yake iwekwe. Kisha hakiki kwamba umechagua aina sahihi ya bodi na mlango sahihi katika programu ya Arduino. Kwa Arduino Nano, bodi ndogo zaidi ya familia hiyo, ujumbe wenye maneno "not in sync" mara nyingi huondoka ukichagua kipakiaji cha zamani, kinachoandikwa "Old Bootloader" kwenye menyu ya aina ya kichakataji.

Baada ya hapo tazama pini. Pini 0 na 1 za Uno ndizo zinazobeba mawasiliano na kompyuta, hivyo sensa au moduli ya Bluetooth iliyounganishwa hapo itazuia upakiaji. Ichomoe, pakia, kisha irudishe. Kwa ESP32, mikrokontrola yenye Wi-Fi ndani yake ambayo pini zake huitwa GPIO, pini ya GPIO 0 huamua kama bodi itaingia katika hali ya kupokea programu, na GPIO 12 huathiri voltiji ya kumbukumbu wakati wa kuwaka. Kifaa kinachovuta mojawapo juu au chini wakati usiofaa huifanya bodi ionekane mbovu. Bodi nyingine za ESP32 hutaka ushikilie kitufe cha BOOT wakati upakiaji unapoanza, na hilo si hitilafu.

Bodi inajiwasha upya yenyewe

Dalili hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, kwa kuwa inaonekana kama kosa la programu. Dalili zake ndogo ni taa inayopepesa ghafla, motokaa ya kuchezea inayosita kila inapoondoka, au ujumbe wa kuanza programu unaojirudia kwenye Serial Monitor, dirisha la programu ya Arduino linaloonyesha ujumbe kutoka kwenye bodi. Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: je, inajiwasha upya kwa muda uleule kila mara, au ovyo? Ikiwa ni ovyo, hasa injini, servo (injini ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiamuru), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au Wi-Fi inapoanza kazi, ni suala la umeme.

Espressif, watengenezaji wa ESP32, wanashauri chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampia 500, kwa sababu Wi-Fi inapotuma data hunyonya mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Chanzo dhaifu hushuka voltiji katika muda huo mfupi, kidude hujilinda kwa kujiwasha upya, na ujumbe "Brownout detector was triggered" huandikwa kwenye skrini. Anayeuona ujumbe huo hana haja ya kutafuta kosa kwenye programu. Abadilishe chaja kwanza, kisha kebo, maana kebo ndefu na nyembamba hupoteza voltiji njiani hata kama chaja ni nzuri. Kipimo chake ni rahisi: pima voltiji kwenye pini za bodi yenyewe mradi ukiwa unafanya kazi, si kwenye chaja. Hata hivyo multimita husoma polepole. Mshuko wa sehemu ndogo ya sekunde hauonekani kwenye namba zake, hivyo kusoma volti 5 si ushahidi kamili kwamba umeme ni tulivu.

Servo na injini ndogo zisilishwe kutoka kwenye pini ya 5V ya bodi. Ipe injini chanzo chake, kisha unganisha GND ya chanzo hicho na GND ya bodi, kwani bila muungano huo ishara haina mahali pa kurejea na servo itatetemeka bila mpangilio. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000 karibu na injini, yenye uwezo wa kuhimili voltiji iliyo juu ya ile ya chanzo, na uangalie upande hasi wenye mstari. Kapasita ya aina hii ikigeuzwa inaweza kupasuka. Injini au koili ya rilei unayoiendesha kwa transista huhitaji daiodi, kwa mfano 1N4007, iliyowekwa kinyume na mwelekeo wa umeme, kwa sababu koili inapokatiwa umeme hurudisha mshtuko wa voltiji unaoweza kuizima bodi leo na kuiua transista kesho. Tena usiendeshe injini moja kwa moja kutoka kwenye pini: pini ya Uno inashauriwa isizidi miliampia 20, na kikomo chake cha juu kabisa ni 40.

Ikiwa unailisha Uno kwa adapta ya volti 12 kupitia tundu la duara, tofauti ya volti 7 inageuzwa kuwa joto ndani ya regyuleta, kidude cha bodi kinachoshusha voltiji hadi 5. Kwa mkondo wa miliampia 200 hiyo ni wati 1.4, kiasi cha kuifanya ijizime, ipoe, iwake, na kurudia mzunguko huo. Tumia adapta ya volti 9, au moduli ya kushusha voltiji iliyorekebishwa na kupimwa kwa mita kabla ya kuunganishwa na bodi.

Sasa turudi kwa hitilafu inayokuja kwa muda uleule. Hiyo ni ya programu, na ndipo inapofaa kufungua msimbo. Kwenye Uno, namba ya aina ya int inaishia 32,767. Anayehifadhi humo matokeo ya millis(), yaani milisekunde zilizopita tangu bodi iwake, ataona mradi ukivurugika baada ya sekunde 32 na ushee. Badili iwe unsigned long. Hesabu ya millis() yenyewe hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushee, na hilo halina madhara mradi utoe muda wa zamani kutoka kwa wa sasa badala ya kulinganisha na muda wa mwisho uliopangwa. Mradi unaozidi kulemewa kadiri saa zinavyopita huwa unamaliza kumbukumbu: Uno ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na maandishi marefu ya kuonyesha kwenye skrini huila haraka. Yafunge kwa F() ili yabaki kwenye kumbukumbu ya programu.

Sensa inatoa namba za ajabu

Namba ya ajabu mara nyingi ina maana yake, hivyo isome kabla ya kuilaumu. DS18B20, sensa ya joto inayopendwa kwa friji na matenki, ikitoa nyuzi 85 katika chumba cha kawaida inakuambia kwamba imewaka lakini haijamaliza kupima, jambo linalotokea umeme unapokatika kidogo kati ya kipimo na kipimo. Ikitoa -127, maktaba ya programu inakuambia kwamba haioni sensa kabisa. Katika hali ya pili, tafuta waya uliolegea, kisha rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na umeme, ambayo wengi husahau kuiweka.

DHT11 na DHT22, sensa za joto na unyevu wa hewa, zikileta neno "nan" (si namba), kagua kama unazisoma kwa pupa. Ya kwanza huhitaji angalau sekunde 1 kati ya vipimo, ya pili sekunde 2. Kama muda ni sahihi, tafuta rezista ya kuvuta juu, ile ya kati ya waya wa data na umeme, na kama waya ni mrefu wa mita kadhaa, ufupishe. DHT iliyokaa karibu na maji ya chumvi huharibika yenyewe polepole, usomaji wa unyevu ukabaki juu hata jua likiwa kali. Hapo hakuna tiba ila kubadilisha.

Sensa ya umbali ya HC-SR04 juu ya tenki ina matatizo mawili yanayotofautiana. Likiwa tenki limejaa na namba zikaruka ovyo, huenda maji yamekaribia mno, kwani chini ya sentimita 2 haioni, na toleo lisiloingia maji la JSN-SR04T huhitaji sentimita 20 hivi. Likiwa nusu na namba bado zinaruka asubuhi tu, tazama kama umande umeganda kwenye macho yake. Kuna wanaolaumu joto la Tanga kwa kuharakisha sauti. Ni kweli kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 na mita 349 hivi kwenye nyuzi 30, lakini tofauti hiyo haifiki asilimia 2 na haiwezi kueleza namba zinazoruka nusu mita. Wenye ESP32 wakumbuke kwamba pini ya ECHO ya HC-SR04 hutoa volti 5, na pini za ESP32 ni za volti 3.3. Weka rezista mbili za kugawanya voltiji, ya kilo-omu 1 kutoka ECHO kwenda kwenye pini na ya kilo-omu 2 kutoka kwenye pini kwenda GND.

Sensa zinazotoa voltiji inayopanda na kushuka zina mtego wao kwenye ESP32: kundi la pili la pini za kupima voltiji, ambalo ndani yake zimo GPIO 4, 25, 26 na 27, halisomeki Wi-Fi ikiwa inatumika. Hamishia waya kwenye GPIO 32 hadi 35. Sensa ya unyevu wa udongo yenye meno mawili ya shaba, inayopitisha umeme moja kwa moja ardhini, hulika ndani ya muda mfupi ikiachwa imewashwa. Iwashe wakati wa kupima tu, au nunua ile ya kapasita ambayo shaba yake imefunikwa.

Kitufe kinajibonyeza, skrini haina maandishi

Kitufe kinachojibonyeza hakina rezista ya kukipa hali ya kudumu. Tumia INPUT_PULLUP kwenye programu na uunganishe upande wa pili na GND. Pini za GPIO 34 hadi 39 za ESP32 hazina rezista hiyo ndani, hivyo utaweka ya nje. Kitufe kinachohesabu mara tatu kwa bonyezo moja kinahitaji kusubiriwa milisekunde 20 hadi 50.

Skrini ya LCD inayowaka buluu bila herufi huhitaji kwanza bisibisi ndogo: geuza kidude cha buluu nyuma yake hadi herufi zitokee. Zisipotokea, anwani yake, yaani namba ambayo programu huitambua kwayo, huenda ni 0x3F badala ya 0x27. Herufi zisizosomeka kwenye Serial Monitor ni kasi isiyolingana, kwa kawaida 9600 upande mmoja na 115200 upande wa pili.

Wi-Fi haishiki

ESP8266, mtangulizi wa ESP32, na ESP32 ya kawaida hutumia masafa ya 2.4 GHz tu. Simu iliyofunguliwa hotspot ya 5 GHz haitaonekana kabisa, na marekebisho yako kwenye simu. Baada ya hapo angalia herufi kubwa na ndogo za jina na nywila, kisha sanduku: boksi la bati huzuia mawimbi, na bodi iliyowekwa nyuma ya tenki lililojaa maji hupata shida ileile.

Ulifanya kazi miezi kadhaa, sasa unasuasua

Mradi uliokaa Raskazone au popote upepo wa bahari unapofika huanza kusuasua kwa namna inayochanganya: ukiugusa unafanya kazi, ukiuacha unakwama. Chanzo ni chumvi. Chembe za chumvi hutua juu ya bodi bila kuonekana, na unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, chumvi hiyo hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka, ikaacha tabaka jembamba linalopitisha umeme. Ndiyo maana hitilafu huja usiku na alfajiri na kupotea saa sita mchana, na ndiyo maana mradi unaoletwa kwa fundi mchana huonekana mzima.

Tazama kwanza pini za waya wa kuchomeka na vituo vya skrubu. Rangi ya kijani au unga mweupe ni ushahidi tosha. Waya uliochomekwa kwenye ubao wa majaribio haufai kwa kazi ya kudumu pwani, na kwa maoni yangu hapa ndipo panapopotea fedha nyingi, kwa sababu watu hubadilisha sensa tatu kabla ya kubadilisha waya mmoja. Zima umeme, toa betri, safisha kwa alkoholi ya isopropili na mswaki mkavu, acha ikauke kabisa, kisha hamishia saketi kwenye ubao wa kulehemu. Baada ya kupima kwamba kila kitu kinafanya kazi, paka vanishi ya saketi, ukiacha wazi viunganishi, vitufe na macho ya sensa. Weka yote ndani ya boksi la plastiki, nyaya ziingilie chini, na uache tundu dogo chini ili mvuke unaoganda ndani upate pa kutokea. Boksi lililozibwa pande zote wakati wa masika hufungia unyevu ndani.

Betri ya lithiamu

Seli ya 18650 hujaa kwenye volti 4.2, na haifai kushushwa chini ya volti 3. Mradi unaozimika mapema kuliko kawaida una seli iliyochoka au chaji ya jua isiyotosha. Pima voltiji jioni na alfajiri ulinganishe. Seli iliyovimba, iliyotoboka, inayopata joto bila kazi au iliyokaa chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu isichajiwe tena kwa namna yoyote. Iondoe nyumbani na uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto. Usilehemu moja kwa moja juu ya seli. Tumia kishikio, au mpe fundi mwenye mashine ya kuunganishia vibati.

Rilei na umeme wa nyumbani

Rilei inayojiwasha mara mradi unapoanza mara nyingi si mbovu: moduli nyingi huwaka pini inapokuwa chini (LOW), kwa hiyo iandikie pini hali ya juu (HIGH) kabla ya kuifanya ya kutoa (OUTPUT). Rilei inayotoa mlio lakini haizimi pampu huenda mshiko wake wa ndani umegandana kwa sababu ya mkondo wa kuanzia wa pampu, ambao ni mara kadhaa ya ule wa kawaida. Maandishi ya ampia 10 juu ya kasha lake hayahesabu mkondo huo. Pampu huhitaji kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme iliyoundwa kuhimili mkondo wa injini.

Uchunguzi wako uishie upande wa volti 5. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na saketi yake haijaribiwi kwa kubahatisha. Ukiona alama nyeusi kwenye vituo vya rilei, ukisikia mlio wa kuchacharika, kikata umeme kikidondoka kila pampu inapoanza, au ukihisi mtetemo ukigusa tenki, bomba au boksi, zima kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mweleze wati za pampu, urefu wa waya hadi ilipo, na kwamba unataka kontakta inayoendeshwa na ishara kutoka kwenye bodi yako. Nyaya za volti 230 azifunge yeye katika boksi lake peke yake, na zako za voltiji ndogo zibaki katika boksi jingine, ili siku utakapofungua la kwako kurekebisha sensa usikutane na waya wenye umeme mkubwa.